Mchezaji wa Wasaa: Uhakiki wa Dhana ya Mchezo Mwepesi Mtandaoni kwa Kuangalia Lushebere, Masisi

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya miaka ya karibuni kuhusu michezo ya mtandao, wachezaji wamezoea kugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wale walioufanya mchezo kuwa shughuli yenye nidhamu: hukesha nao, hujifunza mbinu zake, hushindania daraja na hutambuana kwa majina waliyojichagulia humo. Fungu la pili ni la wale wauingiao mchezo na kuutoka bila ya kuuwekea nadhiri. Hawa hucheza wanapongoja gari, wanapopumzika baada ya kazi, au usiku kabla ya usingizi. Mgawanyo huu unaonekana kuwa wazi kiasi cha kutohitaji hoja. Hata hivyo, unapotazamwa kwa makini, fungu la pili linaanza kumomonyoka, kwani ni vigumu kusema ni kitu gani hasa kinachowaunganisha watu wake.

Makala haya yanalihakiki fungu hilo la pili. Swali lake kuu ni hili: kuwa mchezaji mwepesi, asiyefungwa na mchezo, maana yake ni nini? Hoja inayotetewa ni kwamba vipimo vitatu vinavyotumiwa mara kwa mara, yaani wingi wa saa, kiwango cha ustadi na uzito wa moyo, havifiki kwenye kiini cha jambo. Kiini chenyewe ni uhuru wa kuondoka bila ya kudaiwa. Ili hoja hiyo ionekane, nadharia zilizoandikwa Ulaya zinapimwa hapa kwa hali ya Lushebere, kijiji kilichoko karibu na Masisi-Centre, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lushebere imechaguliwa kwa sababu ni mahali ambapo kuondoka, mchezoni na hata nyumbani, hakujategemea sana matakwa ya mtu. Mwishoni, michezo ya bao na igisoro inaletwa kama kipimo cha pili, ili ionekane kwamba wasemaji wa Kiswahili na majirani zao tayari wanazo fikra za kusaidia mjadala huu.

2.0 Tatizo la Istilahi

Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina la mchezaji huyu, na kila jina linalopendekezwa linafichua dhana iliyo nyuma yake. Wapo wamwitao mchezaji wa kawaida. Neno "kawaida" lina maana ya kitu kisicho na sifa ya pekee, lakini pia lina maana ya mazoea. Kwa maana hii ya pili, mchezaji wa kawaida angekuwa yule achezaye kila siku kwa desturi, jambo lililo kinyume na linalokusudiwa. Wengine humwita mchezaji wa mara moja moja. Jina hilo linahesabu tu idadi ya vikao, wala halisemi lolote juu ya namna mtu anavyokaa ndani ya kikao kimoja. Mchezaji wa kupitisha wakati ni jina la tatu. Nalo linachukulia kwamba wakati ni mwingi, mrefu na mtupu, na kwamba kazi ya mchezo ni kuusukuma mbele.

Jina la nne lina manufaa zaidi. Katika lugha ya michezo nchini Tanzania, mchezaji wa ridhaa ni yule asiyecheza kwa malipo; ndivyo isemwavyo, mathalani, kuhusu ndondi za ridhaa. Kwa matumizi hayo jina hilo limekwisha kushikwa, na kulihamishia kwenye michezo ya mtandao kungeleta utata. Lakini neno lenyewe lafaa kukumbukwa, kwa sababu shina lake ni kuridhia: mtu ameingia kwa hiari yake na, kwa mantiki hiyohiyo, aweza kutoka kwa hiari yake.

Kitenzi "cheza" nacho kinastahili kuangaliwa. Watu hucheza ngoma, hucheza mpira, hucheza karata. Na msumari usiokaza husemwa kuwa unacheza. Katika matumizi hayo yote hamna lawama. Mambo hugeuka inapotumika kauli ya kutendea. Kuchezea mali ni kuitumia ovyo, kuchezea kazi ni kuidharau, na methali inaonya kwamba mchezea tope humrukia. Sasa, kijana aliye uwanjani husemwa kuwa anacheza mpira, lakini kijana mwenye mchezo mkononi husemwa kuwa anachezea simu. Kiambishi kimoja tu kimetosha kumhukumu kabla hajasikilizwa. Kwa hiyo wepesi wa mchezaji huyu umechanganywa na upuuzi tangu kwenye sarufi, na mhakiki hana budi kuvitenganisha.

Kwa sababu hizo, makala haya yanatumia jina la mchezaji wa wasaa. Wasaa ni nafasi, upana wa muda usiodaiwa na shughuli nyingine. Ubora wa neno hili ni kwamba Kiswahili hakisemi kwamba mtu hutengeneza wasaa. Husema kwamba hupata wasaa. Wasaa ni kitu cha kupewa au kunyimwa. Hivyo jina hili linamlazimu msomaji aulize swali ambalo majina mengine yanaliruka: wasaa huo unatoka kwa nani, na ni nani awezaye kuuondoa?

3.0 Nadharia Tatu na Pengo Lake

Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, aliuona mchezo kuwa tendo la hiari, lililo nje ya maisha ya kawaida, lenye mipaka yake ya muda na mahali. Roger Caillois wa Ufaransa, mwaka 1958, aliufuata mwelekeo huo na kuurekebisha. Kwake mchezo ni huru, umetengwa na maisha mengine, haujulikani matokeo yake, hauzalishi mali, una kanuni, na una ulimwengu wake wa kuwazia. Aidha, Caillois alipanga michezo baina ya ncha mbili: ncha ya uchangamfu usio na taratibu, aliyoiita paidia, na ncha ya nidhamu na ugumu unaotafutwa kwa makusudi, aliyoiita ludus. Ingekuwa rahisi kumweka mchezaji wa wasaa karibu na ncha ya kwanza na bingwa karibu na ya pili. Lakini ncha hizo ni za michezo yenyewe, si za wachezaji. Mtu mmoja aweza kucheza mchezo mgumu kwa wepesi, na mwingine akacheza mchezo mwepesi kwa ukali wa kutisha.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuzwa na Jesper Juul, mtafiti wa Denmark, katika kitabu A Casual Revolution kilichochapishwa mwaka 2010. Juul alianza na picha iliyozoeleka ya mchezaji mwepesi: mtu asiye na uzoefu, asiyependa ugumu na asiyetaka kutoa muda wake mwingi. Kisha akaonyesha kwamba picha hiyo haikubaliani na mambo yalivyo, kwani wengi wanaocheza michezo inayoitwa myepesi huicheza kwa saa nyingi na kwa ustadi. Badala ya kumpima mtu, Juul aliupima mchezo. Kwa maoni yake, mchezo mwepesi ni mchezo unaonyumbulika: huweza kuchezwa kwa dakika tano na huweza kuchezwa kwa saa tano. Mchezo mgumu haunyumbuliki; humtaka mtu atoe muda mrefu ama aache kabisa. Miongoni mwa sifa za mchezo mwepesi, Juul aliitaja sifa ya kukatizika, yaani mchezo kukubali kusimamishwa wakati wowote na kuendelezwa baadaye pasipo hasara.

Mchango huu ni mkubwa, na uhakiki wowote wa haki hauna budi kuukiri. Umeondoa lawama kwa mchezaji na kuuliza juu ya umbo la mchezo. Hata hivyo, una pengo. Kukatizika, kama Juul anavyokueleza, ni sifa inayomtumikia mtu mwenye mpango wake mwenyewe: basi limefika, mtoto analia, mkuu wa kazi ameingia. Anayekatiza mchezo na anayeuendeleza ni mtu yuleyule, na kurudi kwake ni jambo lisilotiliwa shaka. Nadharia imechukulia kwamba baada ya kukatizwa kutakuwako baadaye. Dhana hiyo ndiyo inayopaswa kupelekwa Masisi.

4.0 Lushebere na Wasaa Usio na Mwenyewe

Wilaya ya Masisi ni nchi ya milima na malisho, kaskazini-magharibi ya mji wa Goma, inayopakana na misitu ya Walikale upande wa magharibi. Wakazi wake hulima maharagwe, mahindi na viazi, hufuga ng'ombe, na jibini yake hujulikana mbali. Lakini nchi hiyohiyo imejua uhamaji wa kulazimishwa kwa zaidi ya kizazi kimoja. Mapigano ya mwaka 1993 yalianzia Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Yakafuata vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998, kisha uasi wa CNDP, kisha M23 ya mwaka 2012. Kundi hilo liliibuka tena mwishoni mwa 2021, na mapema Januari 2025 vita vyake vikafika Masisi-Centre yenyewe. Lushebere, iliyo jirani, imekuwa kwa miaka mingi mojawapo ya mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa ndani, watu waliokimbia vijiji vyao bila ya kuvuka mpaka wa nchi.

Katika mazingira hayo simu ya mkononi si anasa. Kwa simu watu huulizana kama barabara iko salama, hupokea pesa, hutafuta jamaa waliopotezana. Na kwa simu hiyohiyo vijana hucheza. Kiswahili cha Kivu kina maneno matatu yanayotosha kueleza masharti ya mchezo wa mtandao huko: uniti, yaani salio la simu, mega, yaani kiasi cha intaneti kilichonunuliwa, na rezo, yaani mawimbi ya mtandao. Kwa hayo liongezwe la nne, yaani chaji, kwa kuwa wengi hutegemea sahani za jua, jenereta na vibanda vya kuchajisha kwa malipo. Mchezo wa mtandao unawezekana pale mambo haya manne yanapokutana. Likikosekana moja, mchezo umekwisha, hata kama mchezaji angetaka kuendelea hadi alfajiri.

Mfano wa kubuni utasaidia. Achukuliwe kijana wa kike mwenye miaka kumi na tisa, aliyehamia Lushebere pamoja na mama yake. Ana simu anayoitumia kwa zamu na kaka yake. Kwa juma moja hucheza mara tatu, kila mara kwa dakika ishirini au chini ya hapo. Mtafiti anayehesabu saa atamwandika kuwa mchezaji mwepesi bila ya kusita. Lakini mtafiti huyo akimwuliza kijana angecheza kiasi gani kama angekuwa na chaji na mega, huenda akajibiwa kwamba angecheza kila siku, angeshindana, na angetaka kuwa bingwa. Dakika zake ishirini hazielezi moyo wake; zinaeleza betri ya simu. Kinyume chake, mtu wa Brussels au Nairobi mwenye umeme usiku kucha aweza kucheza dakika ishirini zilezile kwa sababu tu hataki zaidi. Takwimu itawaweka wawili hawa katika safu moja, hali mmoja ameondoka na mwingine ameondolewa.

Hapa ndipo kipimo cha saa kinapoanguka, na kipimo cha ustadi kinaanguka pamoja nacho, kwani ustadi ni mtoto wa mazoezi, na mazoezi ni mtoto wa wasaa. Kipimo cha uzito wa moyo nacho hakisalimiki. Katika mfano huu moyo ni mzito na mchezo ni mfupi. Kinachobaki ni swali la uhuru: je, mchezaji alitoka kwa sababu alitaka, na je, alipotoka aliacha deni?

5.0 Kukatizwa na Kutoweka

Neno deni halitumiki hapa kwa mapambo. Michezo mingi ya mtandao inayouzwa kwa jina la wepesi imejengwa juu yake, na mifano mitatu inatosha kuthibitisha.

Mfano wa kwanza ni FarmVille, mchezo wa kilimo ulioanzishwa mwaka 2009 na kampuni ya Zynga ya Marekani, ukachezwa ndani ya Facebook hadi ulipofungwa tarehe 31 Desemba 2020. Kikao kimoja kilikuwa kifupi na hakikuhitaji ustadi: kulima, kupanda, kuondoka. Lakini kila zao lilikuwa na saa yake ya kuiva, na lisipovunwa kwa wakati lilinyauka. Aliyekuwa na fedha aliweza kulipia mazao yafufuliwe. Kitabu cha Juul kilitoka wakati michezo ya aina hii ikianza tu kuenea, na ilikuwa bado mapema kuona jinsi itakavyoigeuza sifa aliyoisifu. FarmVille iliruhusu kukatizwa, lakini haikuruhusu kutokuwepo. Mchezaji aliweza kuondoka wakati wowote, mradi arudi kwa saa aliyopangiwa. Kwa msomaji wa Masisi umbo hili lina uchungu wake. Shamba linalonyauka kwa sababu mwenyewe hakurudi si jambo la kuwazia katika nchi ambayo watu wamekimbia wakiyaacha maharagwe shambani. Kile ambacho mbunifu alikifanya adhabu ndogo ya kuchangamsha, huko ni kumbukumbu.

Mfano wa pili ni Candy Crush Saga, mchezo wa kampuni ya King uliotolewa mwaka 2012. Mchezaji hupewa maisha matano. Kila anaposhindwa hupoteza moja, na kila lililopotea hurudishwa baada ya dakika 30. Aliyepoteza yote hungoja saa mbili na nusu ili ayapate tena kamili, asipolipa au kusaidiwa na wenzake. Hapa mchezo wenyewe ndio unaompangia mtu aondoke saa ngapi na arudi saa ngapi. Ni ratiba inayodhani kwamba simu itakuwa hai baada ya nusu saa, na kwamba itakuwa bado mkononi mwa mtu yuleyule.

Mfano wa tatu ni Mobile Legends: Bang Bang, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Moonton ya China. Huu ni mchezo wa watu watano dhidi ya watano, wala haujiiti mwepesi. Lakini huchezwa kwenye simu za kawaida na watu wa kila aina. Mchezaji anayetoweka katikati ya pambano hupewa nafasi ya kurudi haraka. Asiporudi, hupunguziwa alama za uaminifu, na zikipungua mno huzuiliwa kushiriki baadhi ya mapambano. Kanuni hii ina sababu njema, nayo itajadiliwa hapa chini. Lakini itazamwe inavyofanya kazi Lushebere. Aliyeondoka kwa hasira kwa sababu anashindwa, na aliyekatikiwa na rezo kwa sababu mnara umezimika, wameandikwa kosa moja. Mfumo unaona kutoweka tu, hauoni sababu.

Kutokana na mifano hii, tofauti iliyokosekana katika nadharia inaweza sasa kutajwa. Kukatizwa ni kusimama kwa mchezo kunakotarajia kurudi. Kutoweka ni kuondoka kusikokuwa na ahadi ya kurudi. Michezo inayoitwa myepesi imejifunza kusamehe la kwanza, na wakati huohuo imejifunza kulitoza la pili. Kwa hiyo mchezaji wa wasaa, kwa maana kamili, hapatikani kwa sababu tu mchezo ni rahisi au vikao ni vifupi. Hupatikana pale ambapo mtu anaweza kutoweka, kwa siku moja au kwa mwaka, na akirudi asikute mazao yamenyauka wala jina lake limechafuliwa.

6.0 Funzo la Bao na Igisoro

Inafaa kuuliza kama umbo kama hilo la mchezo lipo. Jibu liko karibu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mchezo hupita katika awamu mbili, ile ya kunamua na ile ya mtaji. Igisoro, unaochezwa Rwanda, Burundi na miongoni mwa wasemao Kinyarwanda upande wa Kongo, nao una mashimo 32 na kete 64, ingawa kanuni zake ni tofauti. Michezo ya ukoo huu katika Kongo, Rwanda na Burundi iliorodheshwa na Philip Townshend katika utafiti uliochapishwa Brussels mwaka 1977.

Hakuna anayeweza kudai kwamba bao ni mchezo mwepesi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alilipata kuwa zito kiasi cha kulitungia shairi. Na Alexander de Voogt, katika kitabu chake cha mwaka 1995, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar ili aielewe mipaka ya akili ya binadamu. Hata hivyo, ubao huohuo wa bingwa una mlango wa mtu wa wasaa. Liko bao la kujifunza, ambalo kete zote zimekwisha kupangwa mbilimbili mashimoni na kanuni zake ni chache. Iko nafasi ya mtazamaji, ambaye hana kete lakini ana kauli. Na akiitwa mtu nyumbani katikati ya mchezo, mwenziwe aweza kukaa mahali pake, au kete zikakusanywa na mambo yakaisha. Ubao hauhesabu siku za mtu kutokuwepo. Tena, pasipo na ubao, mashimo huweza kuchimbwa ardhini na vijiwe vikawa kete; mchezo wa namna hiyo hauna chaji ya kwisha, na anayehama hana haja ya kuubeba.

Lakini funzo kubwa zaidi haliko katika mbao. Liko katika watu waliokaa karibu. Anapoinuka mtu barazani, waliobaki wanajua sababu: mtoto anaumwa, mvua inakuja, habari mbaya imefika. Kumbukumbu ya kuondoka kwake inahifadhiwa na watu wenye kujua, si na mashine yenye kuhesabu. Kwa hiyo wanaweza kutenganisha aliyekimbia kushindwa na aliyekimbia risasi. Uamuzi huo mdogo, ambao mfumo wa Mobile Legends hauwezi kuufanya, ndio unaomlinda mchezaji wa wasaa asigeuzwe kuwa mkosaji.

7.0 Pingamizi

Hoja hii yaweza kupingwa kwa njia tatu. Kwanza, yaweza kusemwa kwamba baraza limepambwa mno hapa. Ni kweli kwamba baraza la bao, pwani, limekuwa kwa kiasi kikubwa mahali pa wanaume, na kijana wa kike wa mfano uliotolewa juu angekaribishwa kwenye simu kabla ya kukaribishwa barazani. Mtandao umewafungulia wengi mlango ambao desturi iliufunga. Pingamizi hili ni la haki, na linaiwekea hoja mpaka: kinachotakiwa kuigwa ni namna baraza linavyomwelewa anayeondoka, si namna linavyomchagua anayeingia.

Pili, yaweza kusemwa kwamba katika mchezo wa timu, anayetoweka huwaumiza wenzake wanne. Hilo nalo ni kweli. Nao pia wametoa mega zao, na baadhi yao huenda wako katika hali ileile. Kwa hiyo makala haya hayasemi kwamba kanuni ya adhabu iondolewe. Yanasema kwamba kanuni isiyouliza sababu humhesabu kila mtu kana kwamba ana umeme, na hivyo huwagawa wachezaji kwa jiografia huku ikidai kuwagawa kwa tabia. Kumruhusu mtu mwingine kuushika mchezo, kama ifanyikavyo barazani, ni njia moja ya kuwalinda wote.

Tatu, na hili ndilo zito, yaweza kuulizwa kwa nini wasomi wajishughulishe na michezo katika wilaya ambayo watu wake wamekosa chakula na usalama. Swali hili lina kauli ile ya kuchezea ndani yake. Linadhani kwamba aliyepoteza nyumba amepoteza pia haki ya wepesi, na kwamba kila dakika yake sharti iwe ya msiba. Ukweli ni kinyume. Ikiwa Huizinga na Caillois walisema sawa kwamba mchezo ni tendo la hiari, basi kwa mtu aliyenyimwa hiari katika mambo makubwa, hiari hiyo ndogo ina thamani kubwa kuliko aliyo nayo mtu wa mji wenye amani.

8.0 Hitimisho

Imejaribiwa kuonyeshwa kwamba mchezaji wa wasaa hawezi kutambuliwa kwa saa zake, wala kwa ustadi wake, wala kwa uzito wa moyo wake. Hutambuliwa kwa uhusiano wake na mlango wa kutokea. Nadharia ya Juul ilipiga hatua ilipouhamisha mjadala kutoka kwa mtu na kuupeleka kwenye umbo la mchezo. Hatua inayobaki ni kuupeleka kwenye hali ya mahali, ili aliyeondoka asihesabiwe pamoja na aliyeondolewa. Watafiti wa michezo ya mtandao katika Afrika ya Mashariki na Kongo watafanya vyema wakiuliza, kabla ya kuhesabu saa, ni nani aliyezikata.

Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii kwa kawaida hueleweka kuwa sifa ya nyumbani: mtu akicheza mbele ya watu wake, humtunza. Lakini ina upande wa pili usiosemwa sana, kwamba asiye na kwao hucheza bila ya mtunzaji. Kijana wa Lushebere achezaye dakika zake ishirini kwa chaji ya kulipia si mpuuzi, wala si lazima awe mwepesi. Yeye ni mchezaji aliye mbali na kwao, na uhakiki utakaomwita wa kawaida utakuwa haujamwona.